Ushahidi wa Kurudi: Mkulima wa Usambara na Viza ya Matembezi

Usharika wa Ujerumani unapomwalika mkulima mwanakwaya wa Mlalo, milimani Usambara, Tanzania, mwaliko huo una mizizi: wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Tuseme nauli imelipwa na mwenyeji yupo. Linalobaki ni swali la ubalozini: atarudi?

Kanuni ya viza za Schengen, Na. 810 ya mwaka 2009, inaruhusu ombi likataliwe pakiwa na mashaka ya msingi juu ya nia ya mwombaji kuondoka kabla viza haijaisha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952 ni kali zaidi: mwombaji wa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa mhamiaji mpaka amridhishe afisa kwamba siye. Vielelezo vilivyozoeleka ni vilevile kote kuwili: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, hati ya nyumba.

Mkulima wetu hana hata kimoja. Kabichi na viazi vyake hulipwa taslimu na wenye malori yanayoteremka Soni na Mombo kwenda Kariakoo. Akiba yake imo katika sanduku la kikundi chake cha kuweka na kukopa (VICOBA) lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mshikaji wake, na mkopo wake umeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la kikundi. Shamba ni la ukoo. Migomba imeizunguka nyumba, na makaburi ya wazee yako pembeni.

Hoja yangu ni kwamba uzito wa vielelezo hivi umepimwa kinyume. Kazi ya mshahara huachwa kwa barua ya mstari mmoja. Fedha ya benki hutolewa kwa kadi Berlin kama inavyotolewa Lushoto. Daftari la VICOBA je? Afisa akiliona, huenda akasoma umaskini tu, na deni likamtia shaka zaidi, kwani mdaiwa ana sababu ya kukimbia. Lakini huyu amedhaminiwa na majirani. Asiporudi, wao ndio watakaolipa, na watoto aliowaacha watakutana nao kila asubuhi njia ya kisimani. Sijui kifungo cha benki kinachokaza namna hiyo.

Kwenye ardhi jambo hili ni wazi zaidi, tena kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa haki miliki ya kimila hadhi sawa kwa kila hali na haki miliki inayotolewa na serikali. Sheria hiyohiyo inaruhusu ardhi ya kijiji isiyotumiwa kwa miaka 5 au zaidi ihesabiwe kuwa imetelekezwa. Haki ya kimila, basi, hudumu kwa kutumika. Mwenye ghorofa Dar es Salaam anaweza kupokea kodi akiwa London miaka 20, na hati yake ndiyo inayoaminiwa mezani. Mwenye shamba Mlalo hana anasa hiyo.

Maafisa watasema hawawezi kupanda milima kuhesabu migomba, na kwamba wapo waliopewa viza wasirudi. Ni kweli, wapo. Hata hivyo, Kiambatisho cha Pili cha kanuni ya Schengen kinataja mafungamano ya kifamilia miongoni mwa vielelezo, na chenyewe kinasema orodha yake haijakamilika. Nafasi ya kupokea ushahidi wa kijiji ipo. Nasi tunaipoteza, maana barua ya mtendaji wa kijiji kwa kawaida huwa na mistari mitatu: jina, kitongoji, na ombi kwamba mhusika asaidiwe. Barua hiyo ingeweza kusema shamba liko wapi na mipaka yake inapakana na nani, lina mazao gani na yatavunwa mwezi gani, nani atabaki na watoto, mkopo wa kikundi umebaki kiasi gani na wadhamini ni akina nani. Kisha mtendaji agonge muhuri, mwenyekiti wa kikundi atie saini, na nakala ya ukurasa wa daftari iambatanishwe pamoja na tafsiri yake.