Kupanga ghorofani Kasese na Bwera: Mpangaji aulize nini?

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, iko chini ya milima ya Rwenzori, ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1966 liliua zaidi ya watu 100 katika ukanda huo, na mwezi Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika na kuwaacha maelfu bila makazi. Kwa hiyo anayepanga ghorofani mjini Kasese, au Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, ana sababu ya kuuliza mengi kuliko bei.

La kwanza ni kibali cha kutumia jengo, kinachotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013. La pili ni mkataba. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inadai uwe wa maandishi kodi inapofikia shilingi 500,000. Sheria hiyo pia inazuia kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza mpangaji kufukuzwa bila amri ya mahakama.

Anayelipa chini ya kiwango hicho halazimiki kuandikiana na mwenye nyumba. Hata hivyo, bila maandishi ni vigumu kuthibitisha walichokubaliana.