Wakili Mwandamizi (Kenya)

Wakili Mwandamizi ni hadhi ya juu kabisa anayoweza kupewa wakili nchini Kenya. Hutolewa na Rais chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Mawakili, na anayeipata huandika herufi SC baada ya jina lake. Uingereza ina hadhi ya aina hiyo, King's Counsel.

Sheria hudai mambo mawili: mwenendo wa kikazi usio na doa, na utumishi wa mfano kwa taaluma ya sheria na kwa umma. Hapo ndipo uzito wake ulipo, kwani kushinda kesi peke yake hakutoshi. Kanuni za mwaka 2011 zinamtaka mwombaji awe amefanya kazi ya uwakili kwa miaka 15 au zaidi. Zinamtambua pia wakili wa mikataba ya biashara, asiyesimama mahakamani mara nyingi, iwapo amewasimamia mawakili wengine na kuwalea wanagenzi ofisini. Kiongozi wa kampuni ya uwakili hupata nafasi yake kwa njia hiyo, na ni haki, maana kazi ya kulea vijana haionekani kortini.

Miongoni mwa waliowahi kuwa na hadhi hii ni Pheroze Nowrojee, mshairi na mtetezi wa wafungwa wa kisiasa wa miaka ya 1980, aliyefariki mwaka 2025. Mombasa imetoa Taib Ali Taib, aliyewahi kuwa meya wa mji huo.