Kwaya Iliyozaa Opera ya Wales

Msimu mpya wa opera unapotangazwa, macho ya wengi hukimbilia jina la mtunzi na jina la mwimbaji nyota. Historia ya Welsh National Opera, kampuni ya Cardiff ambayo kwa miongo mingi imezunguka na maonyesho yake Wales na kwenye miji ya England kama Birmingham na Southampton, inataka tutazame kwingine. Kampuni hii ilizaliwa na kwaya, na sifa yake ya kwanza nje ya Wales iliipata kwa kwaya. Kwa hiyo anayetaka kujua kama misimu yake ijayo itakuwa na afya aulize kwanza habari za kwaya hiyo.

Wales ilikuwa nchi ya waimbaji muda mrefu kabla ya kuwa na kampuni ya opera. Katika karne ya 19 migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma viliwavuta maelfu ya watu kwenye mabonde ya kusini, na makanisa yao ya Kiprotestanti yakawa shule za muziki za wasio na uwezo wa kulipa ada. Nota za sol-fa, zilizoenezwa na John Curwen, zilimwezesha mtu asiye na kinanda kusoma sauti yake kwa herufi; ndizo nota ambazo wamisionari walizileta Afrika Mashariki, na kwaya nyingi za kwetu zinazitumia hadi leo. Mwaka 1872, na tena 1873, mhunzi Griffith Rhys Jones, maarufu kwa jina la Caradog, aliongoza kwaya ya watu zaidi ya 400 kutoka mabonde hayo hadi kwenye mashindano ya uimbaji ya Crystal Palace, London, na mara zote mbili wakarudi na ushindi. Mwaka 1878 Joseph Parry, aliyeanza kazi mgodini akiwa mtoto, akatoa Blodwen, opera ya kwanza kwa Kiwelshi. Wanaosema opera ni anasa ya matajiri iliyopandikizwa Wales wanasahau kwamba waliotangulia kuipokea huko walikuwa watu wenye vumbi la makaa mikononi.

Juu ya msingi huo, mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, mwalimu wa sauti Idloes Owen na wenzake waliunda kampuni. Tarehe 15 Aprili 1946 ilifungua msimu wake wa kwanza kwenye ukumbi wa Prince of Wales, Cardiff, kwa Cavalleria rusticana na Pagliacci. Wanakwaya walikuwa wa ridhaa: wachimba makaa, walimu, wauzaji wa dukani, watu waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi. Katika miaka iliyofuata nyota na okestra waliweza kukodiwa kutoka nje, lakini kwaya ilikuwa ya nyumbani, na ndiyo iliyoamua kitakachochezwa. Mwaka 1952 kampuni ilichagua Nabucco ya Verdi, kazi iliyokuwa haionyeshwi sana Uingereza wakati huo, ambayo uzito wake wote unabebwa na umati wa Waebrania walio utumwani. Ilipokwenda London mwaka 1955, kwenye ukumbi wa Sadler's Wells, sauti za kwaya ndizo zilizosifiwa zaidi.

Yupo atakayesema kwamba ridhaa ina kikomo, na hakosei. Mtu wa mgodini hawezi kuomba ruhusa kila wiki ili azunguke miji, na misimu ilipozidi kurefuka kampuni ilianza kuajiri wanakwaya mwaka 1968. Kufikia 1973 kwaya nzima ilikuwa ya kulipwa, na okestra yake yenyewe ilikuwa imeundwa mwaka 1970. Yupo pia atakayesema kwamba fedha za umma ndizo zilizoijenga. Ni kweli kwamba bila ruzuku isingefika mbali. Lakini fedha hizo zilikuta nguvu iliyokwisha kukusanyika. Mshahara ulimpa mwanakwaya muda wa kuimba. Utamaduni wa kuimba pamoja ulikuwa umetangulia kwa karne nzima, na hakuna bajeti inayoweza kuununua ukishapotea.

Hoja hii ina uzito leo. Mwaka 2022 Baraza la Sanaa la England lilitangaza kupunguza ruzuku ya kampuni kwa takriban theluthi moja, kampuni ikaacha kwenda Liverpool, na mwaka 2024 likaja pendekezo la kupunguza wanakwaya wa kudumu. Wasimamizi wana haki ya kujibu kwamba hesabu lazima zilingane, na kwamba kwaya kamili ni gharama isiyokwisha mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, mapambo ya jukwaa yanaweza kuazimwa, na nyota anaweza kualikwa kwa usiku chache. Kwaya inayojuana pumzi hujengwa kwa miaka. Ikibidi kupunguza, na ipunguzwe idadi ya opera katika msimu. Opera mbili zilizoimbwa na kwaya kamili zitakuwa bado kazi ya Wales. Tano zilizoimbwa na kwaya iliyokatwakatwa zitakuwa maonyesho ambayo mji wowote wenye fedha unaweza kuyakodi.