Wapiga Picha wa Unguja na Amana Waliyotuachia

Katika kijiji cha Paje, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, tulikaribishwa siku moja katika nyumba ya mawe ya kizamani, tukaonyeshwa picha. Ilikuwa imefungwa katika kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku la nguo, pamoja na hati za shamba la minazi. Katika picha hiyo wamo watu watatu: bwana mmoja aliyeketi, amevaa kanzu, koti na kofia ya viua, bakora i mkononi, na vijana wawili waliosimama, mmoja kuliani kwake na mmoja kushotoni. Nyuma yao yaonekana bustani, ngazi za marumaru na nguzo ndefu, vitu ambavyo havijapata kuwako Paje. Chini yake, katika kadi, limechapwa kwa herufi nzuri jina la duka la Mjini lililoipiga picha ile.

Tukauliza, "Watu hawa ni nani?" Mwenye nyumba akajibu, "Ni wazee wetu, mwalimu." Tukamwuliza majina yao. Akaitazama picha kitambo, kisha akairudisha kitambaani.

Basi jina la aliyepiga limedumu, na majina ya waliopigwa yamepotea nyumbani kwao wenyewe. Jambo hilo ndilo lililotutia hamu ya kueleza habari za mafundi hawa wa picha, jinsi kazi yao ilivyoingia Unguja, jinsi walivyoifanya, na amana gani walituachia sisi tulio mashambani.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na haukukawia kuvuka bahari. Nahodha Mfaransa, Charles Guillain, alipoizunguka pwani yetu kati ya mwaka 1846 na 1848, chombo cha kupigia picha kilikuwamo katika safari yake. Mwaka 1860 Mwingereza James Grant, aliyefuatana na Speke kwenda kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha katika mji wa Unguja kabla ya kuvuka kwenda bara. Lakini hao walikuwa wapita njia. Walipiga, wakaondoka na picha zao. Mtu wa Unguja hakupata kumpa mmoja wao fedha akamwambia, "Nipige mimi, nami niichukue nyumbani."

Tena kazi yenyewe siku zile ilikuwa ngumu. Tangu mwaka 1851 mafundi walitumia kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kipigwe na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Katika nchi ya joto kama yetu muda huo ulikuwa mfupi sana. Fundi akitoka nje ya chumba chake ilimpasa achukue hema la giza, chupa za dawa, maji na vioo, pamoja na wachukuzi wa kuvibeba. Mwaka 1871 daktari mmoja wa Uingereza, jina lake Maddox, alieleza namna ya kutengeneza kioo kikavu, na baada ya miaka michache vioo hivyo vikauzwa madukani vikiwa tayari. Ndipo fundi alipoweza kununua akiba ya vioo, akavitumia kwa wakati wake.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 yakafunguliwa Mjini maduka ya picha. Wenye kujulikana zaidi walikuwa Wagoa, watu wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi, nchi iliyotawaliwa na Wareno siku hizo. Mmoja ni A. C. Gomes, na wengine ni ndugu wa jamaa ya Coutinho, ambao waliwahi kushirikiana naye. Baadaye akatokea Ranchhod Oza, mtu wa Bara Hindi, aliyejifunza kazi katika duka la Gomes, na mwaka 1930 akafungua lake mwenyewe, akaliita Capital Art Studio. Oza alimpiga picha Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hata 1960, na pia aliwapiga watu wasio na cheo chochote. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 12, 1964, watu wengi walihama Unguja. Duka la Oza lilibaki, na mwanawe akairithi kazi. Kadhalika miji mingine ya pwani ilikuwa na mafundi wake: Mombasa alikuwako N. V. Parekh, na Lamu Omar Said Bakor.

Sasa na tumfuate mtu wa Paje aliyetaka kupigwa picha zamani hizo. Kutoka Paje hata Mjini ni yapata kilomita 50. Kabla magari hayajawa mengi, hiyo ilikuwa safari ya kwenda na kulala. Mtu hakwenda Mjini kwa ajili ya picha peke yake. Alikwenda kuuza samaki wakavu au kamba za makumbi, au kwa kesi, au kwa mgonjwa, na ikibaki fedha ndipo akaingia kwa mpiga picha. Nguo zake nzuri alizibeba katika furushi, akazivaa huko huko.

Fundi alimpokea, akamkalisha penye mwanga. Kabla ya taa za umeme, jua ndilo lililokuwa taa yake, naye alilizuia au kulilegeza kwa mapazia. Nyuma palitundikwa pazia kubwa lililochorwa bustani na nguzo. Hizo ndizo zile ngazi za marumaru tulizoziona Paje. Kando palikuwa na kiti cha nakshi, meza ndogo na ua la karatasi. Kamera ilisimama juu ya miguu mitatu. Fundi akajifunika kitambaa cheusi, akaitazama sura ya mteja katika kioo, nayo humo huonekana juu chini. Kisha akamwambia atulie kabisa. Kutulia huko ndiko kulikowafanya wazee wetu waonekane wakali katika picha zao, ilhali hawakuwa wakali. Mtu huweza kukaza uso muda mrefu, lakini kicheko hakikai.

Mteja alipoondoka, fundi alianza nusu ya pili ya kazi, ambayo hakuna aliyeiona. Aliingia katika chumba cha giza, penye taa nyekundu tu, akakitia kioo katika dawa ya kwanza hata sura ikatokea, kisha katika maji, kisha katika dawa ya pili ya kuizuia isifutike, kisha akakiosha tena kwa maji mengi. Sura ile hutokea kinyume: kanzu nyeupe huwa nyeusi, na koti jeusi huwa jeupe. Hiyo ndiyo negativu, mama wa picha zote, maana katika hiyo moja fundi huweza kutoa picha kumi au mia. Maji ya vuguvugu ya nchi yetu yalikuwa adui yake, kwa kuwa dawa iliyopakwa juu ya kioo hulainika kwa joto hata ikabanduka. Unyevu nao ulileta ukungu. Mwisho alichukua kalamu ya risasi iliyochongwa sana, akafuta kovu au mkunjo wa uso katika negativu, kwa kuwa mteja hulipa kwa furaha zaidi akijiona amependeza.

Katika kazi zake zote, iliyomtaka adabu nyingi kupita nyingine ilikuwa arusi. Wasikilizaji wetu wajua kwamba katika arusi za Unguja wanaume wana upande wao na wanawake wana upande wao. Mpiga picha, akiwa mwanamume, aliweza kumpiga bwana arusi katika joho lake, pamoja na ndugu, mashahidi na wazee. Lakini pale bi arusi alipoketi amepambwa mbele ya wanawake wenzake, mlango huo haukuwa wake. Aliyetaka picha ya mkewe alimleta dukani siku nyingine, pamoja na mtu mzima wa nyumbani, na pazia likashushwa.

Hebu na tufikiri maana ya jambo hilo. Fundi amebaki na negativu ya mke wa mtu katika sanduku lake. Akitaka, aweza kutoa picha nyingine, akaiweka katika dirisha la duka, au akaiuza. Mwenye picha hana la kumzuia ila uaminifu wake. Ndiyo maana tumeiita kazi hii amana. Mpiga picha wa arusi hakulipwa kwa ustadi wa mkono tu; alilipwa pia kwa kunyamaza.

Wala si picha zote zilizopigwa kwa amana hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, maduka yale yale yaliuza pia kadi za posta kwa wageni walioshuka merikebuni. Katika kadi hizo wamo wachukuzi, wauza maji, na wasichana waliopambwa, na chini yake pameandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au maneno kama hayo. Hapana jina. Kadi hizo zilikwenda London, Hamburg na Bombay, nazo zimo hata leo katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji. Msichana yule alikuwa na jina, na mama, na mtaa. Lakini katika kadi ile amekuwa mfano wa kabila, kama vile karafuu katika sanduku la maonyesho. Hapo ndipo twaiona tofauti: picha aliyoitaka mtu mwenyewe husema, "Huyu ni fulani," na picha aliyopigwa ili auzwe husema, "Hawa ndivyo walivyo."

Hata hivyo tusiidharau kazi ya mafundi hao, kwa maana picha zao zimehifadhi mambo ambayo vinywa vyetu vimeyasahau. Twatoa mfano mmoja. Kila aliyekwenda Forodhani amejua kwamba mnara wa saa ulikuwa sehemu ya Beit al-Ajaib. Lakini tazama picha zilizopigwa kabla ya mwaka 1896, utaona mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na bahari. Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule ukaharibika, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, likavunjika. Mwaka 1897 mnara mwingine ukajengwa, ukaunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe. Na Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaanguka pamoja na mnara huo wa pili. Mambo haya yote, kusimama na kuanguka, yamo katika picha. Picha za zamani zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, huko Kilimani, ni mashahidi wasiokufa mapema kama sisi.

Lakini shahidi asiye na jina hutoa ushahidi nusu. Nyumba kubwa hujulikana hata bila maandishi, kwa kuwa Beit al-Ajaib ni moja tu. Mvuvi wa Paje atajulikanaje? Wenye kumjua wakiisha kufa, amekufa mara ya pili.

Siku hizi Paje imebadilika. Tangu mwaka 1989 wanawake wamelima mwani katika maji ya pwani yake. Hoteli zimejengwa ufukweni. Wageni kutoka ng'ambo huja kuoana juu ya mchanga, na mpiga picha akawafuata kwa kamera isiyohitaji kioo wala dawa. Wako sasa wanawake mafundi wa picha, nao huingia katika ukumbi wa wanawake ambamo wenzao wanaume hawakuingia. Na karibu kila kijana ana simu yenye kamera. Picha inayopigwa arusini asubuhi huweza kuonekana Maskati kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo amana ile ya zamani, iliyokuwa juu ya mafundi wachache, sasa i juu yetu sote; na mwenye simu asiyejua kunyamaza ni hatari kuliko fundi aliyeweka picha dirishani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twaona picha nayo ni mali. Basi twawaomba wasomaji, hasa wanafunzi, wafanye jambo dogo. Chukua picha za nyumbani, kaa na bibi au babu, umwulize: huyu nani, mwana wa nani, mwaka gani, mahali gani? Andika majibu nyuma ya picha, pembeni, kwa kalamu ya risasi laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya na kuichafua sura. Karatasi ikiwa ya kuteleza, andika katika bahasha, utie picha ndani. Usiiweke ukutani penye jua wala penye unyevu. Na picha za simu nazo, chagua zilizo bora, uzichapishe, uziandike vivyo hivyo, maana simu hupotea.

Sisi wenyewe tulirudi Paje baada ya miezi kadhaa. Mwenye nyumba alikuwa amemwita shangazi yake, bibi mzee sana, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Akaisogeza picha karibu na uso, asizitazame nyuso kwanza, akaitazama bakora. Akasema, "Bakora hii ni ya babu yangu. Tulikatazwa kuigusa." Kisha akamtaja babu yake, na jina la baba wa babu yake, na akamtaja kijana wa kulia. Kijana wa kushoto hakumkumbuka jina; alisema tu kwamba alikwenda bara asirudi. Majina hayo hatuyatangazi hapa, kwa kuwa si yetu. Tuliyaandika nyuma ya picha mbele yake, kwa kalamu ya risasi, naye akatutaka tuyasome kwa sauti mara mbili.

Bibi huyo alifariki kabla ya mwezi wa Ramadhani. Wasomaji, msingoje kama tulivyongoja sisi. Ulizeni jioni hii.