Kutoka Ndoo Hadi Punje: Historia ya Mchezo wa Kutafuta Vilivyofichwa

Ukishuka matatu pale Kabati, Kitui Magharibi, na kuuliza kwa fulani ni wapi, hakuna atakayekupa namba. Utaambiwa ufuate barabara ya Migwani, upite kanisa, uvuke mto usio na maji, na ukiuona mwembe mkubwa uulize tena. Hapo penye kuulizwa tena ndipo penye ujuzi wote. Anayekuelekeza anajua kwamba hatua za mwisho hazielezeki ukiwa mbali, kwa hiyo anakukabidhi kwa mtu aliye karibu zaidi na unakokwenda.

Kuna mchezo ambao ungedhani hauna haja na mwembe wala na mtu wa kuulizwa. Mtu anaficha kopo mahali, anatangaza mtandaoni latitudo na longitudo ya mahali hapo, na mwingine asiyemjua anakuja na simu yake kulitafuta. Akilipata anaandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo, analirudisha palepale alipolikuta, anakwenda zake. Hakuna fedha ya kushinda wala refa. Mchezo unaitwa jiokashingi, ulianza mwaka 2000, na leo makopo ya aina hiyo yamefichwa katika nchi zaidi ya 190, Kenya ikiwemo. Nimeufuatilia kwa muda sasa, na kilichonivuta ni kwamba namba nazo humwacha mtu njiani, kama maelekezo ya Kabati. Zinamfikisha karibu tu. Pale karibu anabaki na macho yake, na kopo likiwa dogo, macho hayo yanafanyiwa mtihani hasa.

Kitui ina historia yake katika hili suala la mahali na namba. Mwishoni mwa 1849 mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akapanda hadi kwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka hadi pwani. Kivoi alimweleza habari za mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa huku Kitui, Krapf akauona Mlima Kenya mawingu yalipofunguka. Habari zilipofika Ulaya, wanajiografia wasiotoka ofisini walizikataa. William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alibisha akiwa London kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ubishi haukwisha mpaka wasafiri wengine, akiwemo Joseph Thomson mwaka 1883, walipouona mlima wenyewe. Kivoi hakuhitaji kuthibitishiwa na yeyote. Aliijua nchi kwa miguu.

Nitaongeza kisa kimoja cha Krapf kwa sababu kinahusu chombo kidogo. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ukavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini bila kibuyu. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani, akaanza kutafuta njia ya kurudi. Dira alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia njia iliko.

Namba za leo zilitoka angani. Sputnik iliporushwa Oktoba 1957, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani waligundua kwamba kwa kusikiliza mawimbi yake ya redio yanavyobadilika wangeweza kujua setilaiti iko wapi. Kisha wakaligeuza swali: tukijua setilaiti iko wapi, si tutajua na sisi tuko wapi? Kutoka hapo ilizaliwa mifumo ya kuongoza meli, na baadaye GPS ya jeshi la Marekani, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mlango wake wa anga. Kwenye majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Mojawapo, iliyotumwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru.

GPS ilipofunguliwa kwa raia, jeshi liliichafua makusudi. Mtu wa kawaida alipata jibu lenye kosa la kama mita 100. Kwa nahodha katikati ya bahari hilo si neno, lakini kwa mtu anayetafuta kitu Kabati mita 100 ni soko zima. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uchafuzi huo ulizimwa. Vifaa vilevile vilivyokuwa mikononi mwa watu, bila kubadilishwa hata skrubu, viliamka vikiwa sahihi mara kadhaa zaidi.

Siku iliyofuata, Mei 3, fundi wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alibeba ndoo nyeusi hadi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, kanda za video, programu ya ramani, fedha kidogo, manati na kopo la maharagwe. Akatangaza namba za mahali pale mtandaoni, na sharti moja: chukua kitu, acha kitu. Ndani ya siku chache watu wawili walikuwa wameshaifikia. Wa kwanza, Mike Teague, akaanza kukusanya orodha ya makopo mengine yaliyokuwa yakifichwa. Kabla ya Mei kwisha Matt Stum akaupa mchezo jina lake, na Septemba Jeremy Irish akafungua tovuti iliyokuwa na makopo 75 tu ya dunia nzima. Kopo lile la maharagwe liliokolewa, na limekuwa likizungushwa kwenye mikutano ya wachezaji kama mzee wa ukoo.

Waingereza watakuambia wao walitangulia, na hawakosei sana. Mwaka 1854 mwongoza wageni James Perrott aliacha chupa kwenye nyika ya Dartmoor, pale Cranmere Pool, ili kila afikaye aache kadi yenye jina lake. Lakini mahali pale palifikiwa kwa kuongozwa na mtu. Ndoo ya Ulmer ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kifaa, hata kama hajawahi kusikia Oregon.

Basi ndoo ikaanza kupungua. Msituni unaweza kuficha ndoo, hata sanduku la chuma la risasi, na wengi walifanya hivyo. Mjini huwezi. Mchezo ulipoingia mitaani ukahitaji chombo cha kuingia kwenye ufa wa ukuta, na chombo kilikuwa tayari kwenye kila studio ya picha: kile kikopo cheusi cha filamu ya milimita 35. Hapa kwetu kikopo hicho kina heshima yake ya zamani. Wazee walikitilia ugoro, kwa sababu kifuniko chake hubana na hakipitishi unyevu. Wamasai walikivaa kwenye ndewe za masikio. Kamera za kidijitali zilipoua filamu, vikopo vikaadimika, na wachezaji wakawa wanavisaka kwa mapenzi yaleyale ya wazee wa ugoro.

Kwa kanuni za mchezo, chochote kisichofikia mililita 100 huitwa maikro. Chini ya mililita 10 ni nano, na hapo ndipo mchezo unaponichukua kabisa. Nano ya kawaida ni mcheduara wa chuma wenye upana wa sentimita moja hivi, kama punje nene ya hindi. Chini ina sumaku, juu ina kifuniko cha kukaza kwa ncha za vidole. Ndani mna utepe wa karatasi usiofika sentimita moja kwa upana, umeviringwa kwa nguvu hata unahitaji kibanio kuutoa, na kuurudisha ni kazi kuliko kuutoa. Nano hukaa kwenye geti la chuma ikajifanya nati ya bolti, au nyuma ya kibao cha barabara. Watu mia wanaiegemea kwa siku na hakuna aionaye.

Fanya hesabu kidogo uone ugumu wake. Namba za mchezo huandikwa kwa digrii na dakika hadi sehemu ya elfu ya dakika, na huku kwetu karibu na ikweta sehemu hiyo ni kama mita 1.85 ardhini. Maana yake ni kwamba namba zenyewe, hata zikiwa kamili, haziwezi kutaja kitu kidogo kuliko hatua mbili. Ongeza kosa la simu, ambalo penye anga wazi ni mita tano hivi na chini ya mti mkubwa au kando ya jabali huzidi. Unabaki na duara la mita za mraba zaidi ya 75, ndani yake kitu cha sentimita moja. Simu sasa unaitia mfukoni. Unajiuliza: ningekuwa mimi ndiye niliyeficha, ningeweka wapi? Unatafuta kisichokaa sawa: bolti isiyofunga kitu, jiwe lililolala upande ambao maji hayangelilaza.

Ujuzi wa namna hiyo upo Afrika Mashariki tangu zamani, kwa watafuta asali. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, humwita mtu kwa kelele, akaruka mti hadi mti huku akingoja afuatwe. Mwaka 1989 mwanasayansi Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha katika jarida la Science utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo wasilolijua, kupata kiota kimoja cha nyuki bila ndege kuliwachukua wastani wa saa 8.9; wakiongozwa, saa 3.2. Lakini angalia anachofanya ndege akifika. Hubadilisha sauti, analia taratibu mara chache, kisha ananyamaza. Hatui penye tundu. Kutoka hapo binadamu anakagua mashina na mianya peke yake. Na akiwafuata wale nyuki wadogo wasiouma, mlango wao ni kibomba cha nta ambacho mara nyingi hakizidi unene wa penseli. Ukambani, nchi ya mizinga ya magogo, mtoto aliyekua akichunguza miti namna hii ana macho ambayo mchezaji wa mjini hujifunza kwa miaka.

Baadhi ya wachezaji wa zamani wanalalamika kwamba makopo madogo yameharibu mchezo, kwamba mtu anatupa kikopo nyuma ya nguzo ya taa kwenye maegesho ya magari na kudai amekualika mahali. Wana haki. Kikopo kidogo penye maegesho ni uvivu. Lakini kikopo hichohicho kwenye ufa wa mwamba wa Nzambani, ambao kila mtoto wa Kitui ameambiwa kwamba ukiuzunguka mara saba jinsia hubadilika, kinamleta mgeni mguuni pa hadithi na kumlazimisha aukague mwamba kwa karibu, jambo ambalo apandaye ngazi kupiga picha na kushuka halifanyi.

Kuficha huku kwetu kunataka adabu zaidi ya zile zilizoandikwa Marekani. Kanuni rasmi zinasema usifukie, upate ruhusa ya mwenye mahali, na ukae angalau mita 161 kutoka kopo jingine. Ukambani ungeongeza kwamba mathembo, yale makundi ya miti ambako wazee walitolea sadaka, hayaguswi kabisa, na mti wenye mzinga ni wa mwenye mzinga. Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani. Bafe hulala humohumo. Andika kwa penseli, kwani mvua za Novemba hufuta wino. Mchwa watakula karatasi yoyote iliyo chini. Na usifiche chochote karibu na ofisi ya serikali au kituo cha matatu. Nchi iliyoona bomu la Nairobi la Agosti 7, 1998 ina sababu ya kuogopa kisanduku kisicho na mwenyewe. Hata Uingereza, mwaka 2011, wanajeshi wa mabomu waliitwa mjini Wetherby wakalipua kikopo cha mchezo huu baada ya mtu kumwona mchezaji akishikashika kitu kwa siri karibu na mkahawa.

Anayetaka kuonja mambo haya bila kikopo chochote anaweza kuanzia Kabati. Tangu 1996 kuna mradi ulioanzishwa na Mmarekani Alex Jarrett wa kuzuru kila mahali duniani ambapo digrii kamili ya latitudo inakutana na digrii kamili ya longitudo. Kitui inayo njia panda ya aina hiyo: digrii 1 Kusini na digrii 38 Mashariki hukutana kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Mwingi. Chukua barabara ile ndefu inayotoka Kibwezi kule Makueni, ikapita Mutomo, Kitui na Kabati, uendelee nayo kupita Migwani. Namba kwenye simu zikikaribia, shuka, ulizia mwenye shamba, omba ruhusa, kisha utembee taratibu ukizitazama dakika zikipungua. Mradi unakutaka ufike ndani ya mita 100, upige picha upande wa kila pembe ya dunia na moja ya kioo cha simu. Wapenzi wake hawaridhiki na mita 100. Husogea hatua mbele, hatua nyuma, hatua kando, namba zikiruka kila wakitulia, mpaka kioo kiseme 1°00.000′ Kusini, 38°00.000′ Mashariki, na mwenye shamba huwauliza wamepoteza nini.