Mota ya fezi tatu: namna ya kuiwasha na kuikinga isiungue

Umeme wa viwandani haubadiliki mtu avukapo mpaka wa Uganda na Kenya. Pande zote mbili hutumia fezi tatu za volti 415, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mota iliyonunuliwa Busia ya Kenya huendesha mashine ya kusaga mahindi huko Kiyeyi, wilayani Tororo, bila marekebisho yoyote. Kanuni za kuilinda ni zilezile zinazofuatwa katika viwanda vya saruji mjini Tororo. Kinachotofautiana ni ukubwa.

Mota ya kilowati 7.5, yaani nguvu za farasi 10, huhitaji takriban ampea 14 ibebapo mzigo wake kamili. Inapoanza kuzunguka, hata hivyo, huvuta mara 5 hadi 8 ya kiasi hicho kwa muda mfupi, na ndiyo maana taa za majirani hufifia. Ili kupunguza mshtuko huo, mafundi huunganisha misuko yake kwanza kwa umbo la nyota, kisha la pembetatu. Katika nyota, mkondo unaotoka kwenye laini hushuka hadi theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka vivyo hivyo, na hapo wasagaji wengi hukosea: huwasha mashine ikiwa tayari imejaa nafaka. Mashine iwashwe tupu, mahindi yafuate.

Kiungo cha katikati ni kontakta, swichi inayovutwa na sumaku ya koili. Umeme ukikatika, koili huachia na mota husimama. Ukirudi, mashine iliyofungwa vitufe vya kuwashia na kuzimia haianzi yenyewe mpaka mtu abonyeze. Anayetumia swichi ya kawaida ya mkono hana kinga hiyo, na umeme waweza kurudi mkono wake ukiwa kwenye mkanda.

Fyuzi na relei ya joto si kitu kimoja, ingawa wengi huzichanganya. Fyuzi hukata nyaya zinapogusana. Relei hupimia mkondo unaozidi kidogo kwa muda mrefu: vibati vyake vya metali mbili hupashwa joto, hupinda, na kuiachisha kontakta. Hulegezwa au kukazwa kwa kufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, si kwa kubahatisha. Anayeipandisha kila inapokata hajatibu ugonjwa, amenyamazisha mgonjwa.

Adui mkubwa zaidi ni fezi moja kupotea, pengine kwa fyuzi moja tu kuungua. Mota iliyosimama huvuma bila kuzunguka. Iliyokuwa ikizunguka huendelea, lakini mkondo katika fezi mbili zilizobaki hupanda kufikia karibu mara 1.7, na misuko huungua ndani ya dakika chache. Kusuka mota upya ni ghali kuliko relei kadhaa.

Relei ikikata, iachwe ipoe, kisha mkondo wa kila fezi upimwe kabla ya kuanza tena. Beringi iliyokauka na mkanda uliokazwa mno huwa miongoni mwa sababu. Na katika mfumo wa nyota na pembetatu, relei iliyofungwa upande wa misuko huwekwa kwenye asilimia 58 ya ampea za kibati: kwa mota yetu, takriban 8, wala si 14.