Kubadilisha jina la safuwima: makato ya NHIF hayageuki SHIF

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka, SHA ikashika nafasi yake, na makato ya afya kwenye mshahara yakaanza kuitwa SHIF. Huku Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, sawa na kwenu Likoni au Malindi, ofisi yoyote iliyoweka mishahara kwenye hifadhidata ilibaki na safuwima iitwayo nhif. Je, inatosha kubadilisha jina tu, iwe shif?

Haitoshi, ndugu msomaji. Kubadilisha jina hakugusi hesabu zilizomo ndani. NHIF ilikatwa kwa viwango, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na haipungui 300. Anayelipwa 50,000 alikuwa akikatwa 1,200, sasa ni 1,375. Ukibadilisha jina, makato ya mwaka 2020 yataonekana kama yalikwenda kwenye mfuko ambao haukuwapo. Siku mfanyakazi atakapodai ushahidi wa michango yake ya zamani, rekodi yako itasema uongo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi acha nhif ilivyo, uongeze safuwima mpya:

ALTER TABLE mishahara ADD shif DECIMAL(10,2);

Amri hii inakubalika kwenye MySQL, PostgreSQL, Oracle, SQL Server na SQLite.

Wakati jina linapofaa kubadilishwa

Badilisha jina pale ambapo data ni ileile tangu mwanzo, ila jina halieleweki. Mfano ni safuwima "tarehe" ambayo siku zote imekuwa ikiweka tarehe ya kuajiriwa.

Kwenye PostgreSQL, Oracle, MySQL 8.0 na SQLite 3.25 (ya mwaka 2018), au matoleo yaliyofuata:

ALTER TABLE wafanyakazi RENAME COLUMN tarehe TO tarehe_ajira;

Kwenye MySQL iliyotangulia 8.0:

ALTER TABLE wafanyakazi CHANGE tarehe tarehe_ajira DATE NOT NULL;

Hapa ni lazima utaje upya aina ya data na masharti yake yote. Ukisahau NOT NULL, sharti hilo linaondoka kimyakimya.

Kwenye SQL Server:

EXEC sp_rename 'wafanyakazi.tarehe', 'tarehe_ajira', 'COLUMN';

Jina jipya liandike peke yake. Ukilitanguliza na jina la jedwali, safuwima yenyewe itaitwa hivyo, nukta na yote.

Kwenye SQLite ya zamani, unda jedwali jipya lenye jina sahihi la safuwima, hamishia data humo, hakikisha idadi ya safu ni sawa, kisha ufute la zamani na kulipa jipya jina lake.

Kabla ya kubonyeza

Kwanza, weka nakala ya akiba, tena ujaribu kuifungua. Nakala ambayo haijajaribiwa si ya kutegemea.

Pili, tafuta jina la zamani kila mahali: kwenye ripoti, fomu, na programu inayochapisha hati za mishahara. Hifadhidata haiendi kuzirekebisha programu zako. Inayouliza jina la zamani itapata kosa na kusimama.

Tatu, jua mfumo wako unaruhusu kurudi nyuma au la. PostgreSQL, SQL Server na SQLite hukubali uanze kwa BEGIN TRANSACTION, utazame matokeo, na usipoyapenda uandike ROLLBACK. MySQL na Oracle huthibitisha mabadiliko ya jedwali papo hapo. Huko njia ya kurudi ni kulibadilisha jina tena, au ile nakala ya akiba.

Nne, kazi hii isifanywe mwisho wa mwezi watu wakisubiri mshahara. Chagua jioni ambayo hakuna anayeingiza data, na umwambie mhasibu mapema.